Mwangwi Uliozidi Ukumbini
Foleni ya duka la kutoa kopi ilifika hadi barabarani. Katikati yake alisimama mwalimu wa Kiswahili, gauni la kijani limemkaa sawasawa, akikariri kimoyomoyo hotuba ya mwanafunzi wake. Alipofika penye "Nchi hii ni yetu!" mkono ulimruka wenyewe, ukaiangusha kofia ya kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Chukua nchi, dada, ila kofia niachie," kijana alisema.

Mwalimu alitaka kuomba radhi, akajikuta anacheka. Kijana alikuwa na mabega mapana, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi na nyaya zimening'inia begani. Alikuwa fundi mitambo, na ndiye aliyepewa kazi ya vipaza sauti katika shindano la hotuba za uzalendo la shule za sekondari.

"Hotuba zenyewe huwa zinanitia usingizi," alichokoza.

"Utalala vizuri. Mwanafunzi wangu, binti wa kidato cha nne, atakuamsha."

"Na mwalimu wake haachi namba?"

Aliacha, na kwa furaha. Toka hapo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula hotuba tu. Binti ana maneno mazuri, ila sauti ndogo. Asiposhinda haendi shindano la taifa, na mwakani hayupo shule. Nafasi yake ni hii tu."

"Suala la sauti niachie mimi, kipenzi."

"Acha masihara."

"Kwa kitu chako? Sithubutu."

Tatizo ni kwamba fundi alizoea harusi. Huko mshereheshaji akitaka kutikisa ukumbi, huongezewa mwangwi. Basi siku ya shindano, binti alipopanda jukwaani na sketi yake ya shule, mapenzi yalimpanda fundi kichwani. Akausukuma mwangwi mpaka mwisho.

"Nchi yangu... yangu... yangu..."

Ukumbi ulivunjika mbavu. "Bwana harusi aingie!" mtu alipiga kelele. Binti akashuka analia.

Mwalimu alifika kwenye meza ya mitambo macho yamemwiva. "Umemdhalilisha mtoto wa watu!"

"Mpenzi, nilitaka kumsaidia..."

"Usiniite mpenzi! Hotuba zinakutia usingizi, ukaona utafute kichekesho."

Alimgeuzia mgongo. Fundi aliumia, lakini hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti mbele ya umati wote.

"Waheshimiwa majaji, binti hana kosa. Mimi ndiye niliyeharibu, nilimwekea mitambo ya harusini. Yeye mpeni nafasi arudie, mimi nifukuzeni."

Meneja wa ukumbi hakusubiri kuambiwa mara mbili, alimwonyesha mlango. Jaji mkuu, mama mwenye miwani minene, aliwainamia wenzake wakanong'ona, kisha akatangaza kwamba binti atarudia mwisho kabisa. Fundi aliuzima mwangwi, akamwambia binti, "Mdogo wangu, ongea kama unavyoongea na mwalimu wako. Watakusikia," akatoka.

Binti aliongea. "Kuipenda nchi," alisema kwa sauti yake ileile ndogo, "ni kufagia mpaka mbele ya mlango wa jirani usiyesalimiana naye." Hakuna aliyekohoa. Majaji walipomaliza kujumlisha alama, hakukuwa na ubishi.

Simu ya fundi iliita akiwa kwenye ngazi za nje.

"Uko wapi wewe?"

"Ngazini. Nasikia makofi. Ni yake?"

"Ni yake! Anakwenda taifa!" Mwalimu alitokea mlangoni, simu bado sikioni, machozi na kicheko vimechanganyika. "Nilikukosea. Nilidhani umetucheka."

"Mimi nilikuwa najionyesha kwako, basi. Mapenzi yalinizidi akili."

Mwalimu alikata simu, akashuka akaketi karibu naye, mabega yakagusana. Alikuwa ameshaamua, na sauti yake haikutetemeka.

"Jumamosi una kazi?"

"Sina kazi siku yoyote, mpenzi. Si umeona nimefukuzwa?"

"Vizuri. Utakuja nyumbani umwambie baba unanioa."