Simu Tatu za Baba Judith

"Mama, padre ameshafika. Watu wanakusubiri wewe tu ndipo waanze kumuaga Baba."

"Waendelee."

"Waendelee vipi bila wewe? Si wewe ndiye mwenye msiba?"

"Judith, nimesema waendelee. Mimi simuagi."

Judith alibaki amesimama mlangoni mwa jiko la nje, hajui aingie au arudi kwa watu. Mama yake, Yuliana, mwanamke wa miaka sitini na miwili, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachochea moto ambao hata sufuria haukuwa nayo. Tangu jeneza la mumewe lipandishwe huku Mgeta milimani jana jioni hakuwa amelitupia jicho. Hata chozi lake, jamani, hakuna aliyeliona.

Na maneno yalishaanza. Kina mama waliokuwa wakimenya viazi uani walisemezana chinichini kwamba ndoa za wasomi ndivyo zilivyo, nje zinang'aa, ndani hakukaliki.

Uongo mtupu! Kama kuna mwanamume aliyempenda mkewe milima hii yote, basi ni Profesa Gabrieli. Miaka thelathini na tano amefundisha biashara chuoni kule mjini Morogoro, na jioni saa kumi na moja alikuwa nyumbani kwake, kajifunga kanga ya mkewe kiunoni, anakatakata mchicha huku anawasikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Wenzake walimcheka wee mpaka wakachoka. Yeye aliwaambia tu, "Mimi nawahi kwangu."

Judith alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, kuna nini? Niambie mimi."

Yuliana akaitoa simu kifuani, akamwekea mkononi.

"Angalia hapo."

Simu tatu ambazo hazikupokelewa, zote za Jumanne. Saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika kumi na mbili. Saa nne na nusu. Jina lilikuwa moja: BABA JUDITH.

"Nilikuwa mtoni naosha karoti," Yuliana akasema. "Niliiona inaita. Mara zote tatu niliiona. Nikasema aite mpaka achoke, nimemnunia. Saa tano ukanipigia wewe, unalia."

"Kwani mlikuwa mmegombana?"

"Aliniahidi akistaafu tunapanda huku wote. Nyumba tukaijenga kwenye ardhi ya mama yangu, na wajomba wa baba yako, wenye mtu wao, wakaridhia hata akifa alale huku kwetu. Nikafunga vyombo, nikaaga majirani. Jumapili, tumetoka misa, ananiambia chuo kimemwomba miaka mitatu mingine na yeye ameshasaini. Ameshasaini, Judith! Nikamwambia basi kioe hicho chuo. Nikapanda roli la mboga lililokuwa linarudi tupu, nikaja peke yangu."

"Mama..."

"Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Sasa nikasimame pale nimwambie nini? Mtu niliyemnyima simu, nitamuaga kwa mdomo gani?"

Judith akawa anamfuta mama yake jivu kwenye kanga, basi tu, mikono ipate kazi.

Ghafla huko uani kikapasuka kicheko. Kicheko msibani! Mama na mwana wakatazamana.

"Wewe uliyekaa nyuma, amka! Chuo hiki si gesti!"

Alikuwa Shakila, katibu muhtasi wa Profesa kwa miaka kumi na minane, Mnyamwezi wa Tabora na kwa hiyo mtani wa Profesa, Mluguru. Na mtani msibani mnamjua. Anamwigiza marehemu, anamsema, anamdai, na ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Shakila alikuwa amevaa koti la Profesa, limembana kifuani mpaka vifungo vinalalamika, miwani kaishusha puani, mkononi kashika mwiko.

"Leo tunasoma habari za mteja," akatangaza kwa ile sauti ya Profesa, nzito, isiyo na haraka. "Mteja mgumu kuliko wote duniani ni nani?"

"Mama Judith!" wakaitikia waliokuwa wanafunzi wa marehemu, wengine machozi yakiwatoka kwa kucheka.

"Sawasawa! Nilimkuta soko la Nyandira anauza njegere. Chuo kimenituma kuhoji wakulima. Nikamuuliza, dada, bei unaipangaje? Akanijibu, kaka, unanunua au unahoji? Kwa woga nikanunua debe zima! Jumamosi nyingine, debe zima! Wiki sita nimekula njegere mpaka naziota. Wiki ya saba akaniuliza, hivi wewe una mke wa kukupikia haya yote? Hapo, wanangu, nikajua mali yangu imepata mnunuzi!"

Yuliana alikuwa ameshanyanyuka. Miguu yenyewe ilimtoa jikoni, akajikuta amesimama uani mbele za watu.

Shakila alimwona. Hakurudi nyuma. Akaweka mkono kiunoni, akamtazama juu ya miwani.

"Yuli! Nimekupigia simu mara tatu. Mbona hupokei?"

Kina mama wakaacha visu hewani.

"Shakila, hiyo sasa imezidi!" Judith akafoka.

"Muache," Yuliana akasema. Akasogea mpaka karibu kabisa na lile koti. "Sikupokea kwa sababu ulisaini bila kuniambia."

"Walinibembeleza, Yuli."

"Na mimi je? Miaka kumi nakubembeleza!"

"Si nilikwambia Jumapili?"

"Jumapili uliniambia, Ijumaa ulisaini! Unawafundisha watoto wa watu wasimfiche mteja kitu, mkeo unamficha!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Halafu umekuja huku ukiwa umelala," Yuliana akaendelea, na sauti ikaanza kumkatika. "Nilitaka tuzeeke wote hapa. Baridi ikishuka tuote moto, unichoshe na hadithi zako za chuoni. Sikutaka kingine, Gabrieli. Nilikutaka wewe tu!"

Hapo chozi lililokuwa likingojwa tangu jana likashuka, likafuatwa na mengine. Shakila akavua miwani.

"Mama Judith," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "utani umeniishia."

"Ulikuwepo ofisini alipokuwa ananipigia?"

"Nilikuwepo."

"Alitaka kuniambia nini? Aliuchana ule mkataba?"

Ilikuwa rahisi sana kumwambia ndiyo. Watu wote pale walitamani ajibu ndiyo, na Judith alimkazia macho akimwomba. Shakila akatikisa kichwa.

"Hapana. Hakuuchana, upo kabatini mpaka leo. Alichotaka kukwambia sikijui, shemeji, nisikudanganye. Ila kila simu ilipokatika alicheka. Akasema, 'Kaninunia huyo!' Ya tatu ilipokatika akasema, 'Acha anune, ni haki yake, kosa ni langu. Kesho nampandia hukohuko.' Akaniomba maji. Niliporudi na glasi..."

"Alicheka?"

"Haki ya Mungu alicheka."

Yuliana akashusha pumzi ndefu, ya siku nne.

"Ungeniambia aliuchana, ningejua unanidanganya," akasema. "Yule mtu akisaini, kasaini."

Wakakumbatiana, wanacheka, wanalia, vifungo viwili vya koti vikakatika na hakuna aliyeviokota.

Kisha Yuliana akajifuta uso, akafunga kanga vizuri, akaingia sebuleni. Padre akampisha. Judith alimfuata nyuma, mikono tayari, maana alijua mama yake ataanguka.

Hakuanguka. Alishika ukingo wa jeneza na kumtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile: zile nyusi nene, ule mdomo uliokuwa kama unataka kusema jambo. Watu waliokuwa karibu walitega sikio wasikie atamuaga vipi.

Akainama. Akaongea kwa sauti ileile ya kila siku, ya mke aliyeitwa akiwa jikoni.

"Abee, Baba Judith," akamjibu. "Abee, mume wangu. Nakusikiliza."