Kati ya Kioo na Mbao

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo asije mtu kuniambia ni porojo.

Tuliingia karakana ya fundi seremala mchana kweupe, tukitaniana. Dada alikuwa anatafuta mbao za kufungia dirisha kwa ndani kama milango. Binti yake wa pekee, Kidoti, alikuwa ametoka kwenye homa kali na mwanga ulimchoma macho. Mapazia hayakufua dafu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na daktari alisisitiza apumzike gizani.

Fundi alituonyesha za vibao vyembamba vya kupitisha hewa. Dada akakataa. Za maua ya kuchonga, akakataa. Kisha akaziona mbili zimeegemezwa ukutani, nzito, zisizo na upenyo hata kidogo.

"Hizo zilitoka kwenye nyumba ya mtu," fundi alisema. "Alizibwaga hapo akaondoka bila kugeuka. Mama, nipe wiki moja nikuchongee mpya."

"Wiki? Fundi, mwanangu anateseka sasa hivi!"

Fundi alizifunga chumbani kwa Kidoti siku hiyohiyo. Kama ilivyo kawaida yake, aliacha nafasi ya unene wa kiganja kati ya kioo na mbao, ili mbao isinyonye unyevu. Chumba kikawa giza totoro, na Kidoti akanyamaza. Dada alilia kwa furaha. Alimfunika shuka, tukakaa sebuleni, mlango wa chumba ukiwa wazi mbele yetu.

Hakuingia mtu. Hakutoka mtu.

Dada alipokwenda kumwamsha ale, kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa bado na joto. Komeo la dirisha lilikuwa limefungwa.

"Mama." Sauti ilitoka nyuma ya mbao. Ndogo. Karibu sana. "Mama, huku kumebana."

Dada akafungua. Kioo. Nondo. Uani hakuna mtu. Akafunga.

"Mama."

Akafungua. Kimya.

Alipofunga tena, nilikimbia nje nikabandika uso kwenye kioo. Niliona mgongo wa mbao tu. Ndani, dada akapiga ukelele. Mtoto alikuwa amemwambia, "Mama mdogo ananiangalia. Mbona hanitoi?"

Tuligonga kila nyumba. Polisi walipekua mpaka darini. Fundi alikuja mbio na nyundo azing'oe mbao zile, akamkuta dada ametandaza mikono mbele ya dirisha.

"Ukizitoa, nitamsikilizia wapi?" dada alinong'ona.

Fundi akaishusha nyundo. Alikuwa analia.

Miaka imepita. Dada hataki kuhama. Hukaa kwenye giza lile akiimbia mbao nyimbo za kulaza mtoto, na mimi nimechoka kumbembeleza ale. Siku hizi sauti haimjibu kila mara, na asipojibiwa hulala sakafuni palepale chini ya dirisha.

Jana nilimsafishia madirisha kwa nje. Kioo kile kilikuwa na alama za viganja. Nilisugua mpaka bega likauma, ndipo nikaelewa kwamba ziko upande wa ndani, unaotazama mbao. Za chini ni ndogo. Juu yake kuna kubwa kidogo, na juu zaidi kubwa zaidi.

Niliweka kiganja changu juu ya ile ya juu kabisa. Tumelingana.