Pesto Chungu ya Jumapili

Saa kumi na moja jioni soko lilikuwa limefurika, na msoma mita za maji alikuwa hoi bin taaban. Tangu asubuhi alikuwa akiinamia mashimo ya watu na kubwekewa na mbwa wa watu. Kizibao chake cha buluu kilijaa vumbi, na viatu ndiyo usiseme. Alinyoosha mkono kuchukua fungu la mwisho la rihani, mkono wa mtu mwingine ukalishika fungu lilelile.

"Samahani dada, nimetangulia."

"Umetangulia wapi, kaka yangu? Mbona nakuona sasa hivi?"

Mwanamume alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, vidole vina makovu ya kisu. Alicheka. "Haya, unalipeleka wapi?"

"Dirishani. Nafukuzia mbu."

"Mbu!" Alishika kichwa. "Dada, mimi ni mpishi, usiniue. Hiyo ni pesto hiyo!"

Akamweleza palepale, watu wakiwapiga vikumbo: rihani, kitunguu saumu, korosho, jibini, mafuta ya zeituni na chumvi kidogo, vyote unavitwanga kwenye kinu. "Hupiki kitu. Unachemsha tambi tu, unachanganya, unakula, unalala."

Hapo kwenye kulala ndipo alipompata.

Tangu siku hiyo akamwita Mita, naye akamwita Mpishi. Kila siku yake ya mapumziko Mpishi alifika na kinu kwapani, akatwanga pesto ya kujaza chupa nzima ya wiki. Jumatatu Mita alikula na tambi, Jumanne akapaka kwenye mkate, Jumatano akamwagia viazi vya kuchemsha, Alhamisi akakorogea mayai. Juu aliacha utando wa mafuta kama alivyofundishwa, majani yasiwe meusi. Kwa mtu anayerudi nyumbani miguu inawaka moto, huyo ndiye mwanamume. Wengine huleta maua. Ya nini?

"Umekula, roho yangu?" Mpishi alikuwa akimpigia simu kutoka hotelini, masufuria yakigongana nyuma yake.

"Nimekula. Wewe je?"

"Mpishi hali, anaonja tu."

Alipomwomba waoane, Mita hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliwahi kuchumbiwa na mtu mwenye maneno matamu, kila neno uongo, na uchovu wa mambo yale ulikuwa haujamtoka. "Nitakujibu," alisema, "ila sharti langu ni moja. Usinidanganye. Hata kwa kunifurahisha."

"Sitakudanganya, mpenzi."

Kisha Mpishi akaugua mafua mabaya, wiki mbili kitandani. Aliporudi kazini alikuwa mkimya kidogo, Mita akadhani ni homa tu haijaisha mwilini. Jumapili moja akaamua kwamba leo anatwanga yeye mwenyewe, na jibu atalitoa mezani. Alivaa gauni la kijani, akapaka wanja. Korosho alizitoa kwenye kopo lililokaa nyuma ya kabati tangu mwaka juzi, na kwa jinsi alivyochoka hata hakuzinusa.

Mpishi alikula sahani nzima. "Tamu, Mita wangu. Tamu kuliko yangu."

Mita akatia uma mdomoni. Akatema. Ilikuwa chungu kama dawa.

"Umesema tamu?"

"Tena sana."

"Nitazame, urudie."

"Tamu, mpenzi."

"Toka."

"He! Nimefanya nini?"

"Uliniahidi. Kitu kidogo hivi unanitazama usoni unanidanganya, kwenye makubwa itakuwaje? Toka, tafadhali. Sina nguvu ya kugombana."

Mpishi akaondoka. Mita akalia, kwanza kwa hasira, halafu kwa uchovu tu.

Siku tisa simu iliita, hakuipokea. Siku ya kumi alikuwa amechuchumaa kwenye shimo la mita, jua la saa saba likimchoma kichwani, akapokea. Hata kununa kunachosha.

"Usikate," Mpishi akasema. "Mimi sisikii ladha."

"Ladha ya nini?"

"Ya chochote. Tangu yale mafua. Harufu pia. Ungenipa sabuni ningeisifia."

Mita akakaa chini, vumbi na yote. "Na hotelini?"

"Napima kwa mazoea, namwomba mwenzangu aonje. Niliogopa, Mita. Mpishi asiyesikia ladha ni mpishi gani? Nikaona ukijua utanihurumia, kisha utaniacha."

"Ukaona heri uniongopee?"

"Nikaona hivyo. Nilikosea, nisamehe. Leo asubuhi nimemwambia na bosi. Ameniondoa jikoni, nipo stoo namenya viazi."

"Mungu wangu."

"Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Siwezi kukuahidi kitu."

Mita alizitafuta hasira zake, asizione. "Lini hufanyi kazi?"

"Kesho. Huku stoo wamenibadilishia siku."

"Njoo. Lete korosho mpya."

Kesho yake jioni Mpishi alitwanga, Mita akaonja.

"Chumvi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Ongeza kidogo. Basi, basi, imetosha!"

Wakakaa mezani, Mita na nguo zake za kazi, Mpishi na mikono iliyobabuka kwa maji ya viazi. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutaniana. Mita akamngoja ameze tonge la kwanza.

"Haya. Ikoje?"

Mpishi alitafuna polepole, kama anayeitafuta ladha kila pembe ya mdomo. Machozi yakamlengalenga.

"Sisikii kitu, Mita. Ni kama natafuna karatasi."

Mita akaweka uma chini, akamshika mkono.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Nitaolewa na wewe. Sasa kula, tambi zinapoa."