Kipimo Kimoja, Karatasi Nne

"Karatasi umeandika wewe, wifi."

"Na kipimo umebadilisha wewe. Uliniambia lini?"

"Nilikiandika kwenye faili la vipimo. Ulitaka nikuletee na tarumbeta?"

Walikuwa wamesimama chumba cha nyuma, katikati ya mapipa ya sabuni. Mwenye mapipa majirani humwita Mama Povu. Ndiye anayechanganya sabuni na dawa za kusafishia. Wifi yake, dada wa mumewe, huandika kwenye kompyuta karatasi za maelezo zinazofungwa kwenye chupa. Mume husambaza madukani kwa pikipiki.

Asubuhi hiyo mfagiaji wa shule alikuja na mikono imebabuka. Alikuwa amefuata karatasi sawasawa: vifuniko vitatu kwa ndoo moja. Lakini dawa mpya ya sakafu ni kali, inataka kifuniko kimoja tu, tena kwa glavu. Mama Povu aliiosha ile mikono kwa maji mengi, akampeleka zahanati. Aliporudi, ndipo maneno yalipoanza.

Mume alijaribu kuwatuliza. Wote wawili wakamwambia anyamaze. Hilo tu ndilo walilokubaliana.

Wifi akavaa mkoba begani. Alisema anakwenda zake, watafute mwandishi asiyekosea. Tangu afiwe na mumewe alikuwa amejifungia ndani, na ni kazi hii iliyomtoa. Mama Povu alilijua hilo.

Hapo ndipo jirani alipoingia. Kazi yake ni kuandika miongozo ya mashine. Ukuta ni mwembamba, alikuwa amesikia yote, wala hakujifanya hakusikia. Aliomba tu aonyeshwe hizo karatasi kwenye kompyuta.

Wifi akamwonyesha. Kipimo cha sakafu alikuwa amekinakili kutoka faili la vipimo, akakibandika katika karatasi nne: ya chupa, ya dumu, ya shule na ya zahanati. Faili la vipimo lilibadilika. Nakala zikabaki vilevile.

"Hukuandika vibaya," jirani akamwambia. "Ulinakili, na nakala haina habari na kule ilikotoka. Usinakili tena. Iambie karatasi ikachukue maneno yenyewe, kila unapochapa."

Mama Povu akasema basi liingizwe faili zima, yaishe. Wifi akamgeukia. Faili hilohilo lina maelezo ya kupika sabuni, ambayo ni siri yao.

"Utawapa wateja na mapipa?"

Mume akacheka. Safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Jirani akaeleza kwamba inaingizwa sehemu inayotakiwa tu. Faili zao ni maandishi matupu, yasiyo na mapambo, na programu yao ya kuchapa inaelewa amri ya kuingiza. Wifi akaandika amri ya kuleta mstari wa tano hadi wa saba. Ikafanya kazi. Kisha jirani akamwomba Mama Povu aongeze mstari mmoja juu kabisa ya faili la vipimo. Wakachapa tena. Karatasi ikaanza na mstari wa siri ya kupika, na onyo la glavu likakatika.

"Mistari imesogea, amri haikusogea," jirani akasema. "Ukienda kwa mtu huhesabu milango. Wakijenga nyumba mpya mtaani, umepotea. Unaulizia jina."

Basi wakaipa sehemu jina. Juu yake wifi akaandika *mwanzo: sakafu*, chini yake *mwisho: sakafu*. Katika kila karatasi akafuta kipimo cha zamani, akaweka amri moja:

*ingiza: vipimo.txt, sehemu: sakafu*

Maneno ya amri hutofautiana kati ya programu na programu, jirani alisema, lakini kazi ni ileile. Alama zenyewe hazichapwi.

Mama Povu akaongeza mistari mingine juu, makusudi. Wakachapa. Kifuniko kimoja. Glavu. Siri haikutoka.

Jirani akawaonya mambo mawili. Alama ikifutwa, sehemu haitapatikana, kwa hiyo wasome karatasi kabla ya kuifunga kwenye chupa. Na karatasi zilizokwisha kwenda madukani hazitajirekebisha.

Mama Povu akauvua mkoba begani kwa wifi yake, akautundika msumarini.

"Nilipaswa kukuambia kwa mdomo, wifi. Kuanzia sasa nikigusa kipimo, nagusa faili la vipimo tu, halafu nakuita tusome wote. Kaa."

Wifi akafuta macho kwa kiganja, akakaa, akaanza kuchapa. Mume akapewa pakiti ya glavu na amri yake: aanzie shuleni, kisha kila duka, na atoe karatasi za zamani chupa kwa chupa. Pikipiki ikawaka kabla karatasi ya mwisho haijatoka. Ikabidi wifi amkimbilie nayo mlangoni.