Mlango Aliouchora Shangazi

Shangazi yangu ni mchora mabango. Ukikuta kichwa cha mtu kwenye ukuta wa kinyozi, au gurudumu kubwa kwa fundi baiskeli, huenda ni mkono wake. Asubuhi moja alibeba ngazi, uzi wa chaki na makopo ya rangi, akaenda kuchora mahali ambapo hakuna aliyemwita: uchochoro wa nyuma ya duka la vitambaa.

Zamani duka hilo lilikuwa kiwanda cha udobi. Kiliungua wapiga pasi wakiwa ndani. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa nje, ili wasitoke kabla kazi haijaisha. Binti wa shangazi alikuwa mmoja wao. Mwenye jengo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi, aliuziba mlango kwa matofali, akapiga plasta, akafungua duka upande wa mbele. Uchochoro ukageuka jalala. Watu walipita wameziba pua.

"Shangazi, unawachorea panya mlango?" fundi viatu wa pale kona alimtania. "Mbona wao wana yao tayari."

"Nawachorea nyinyi. Mtaona haya kumwaga taka mlangoni pa watu."

Aliuchora kwa ukubwa wake, palepale ulipokuwa. Shangazi hana tabia ya kubuni. Kazi ya mabango imemzoesha kuchora kitu kilivyo. Mbao. Bawaba. Misumari. Na komeo, limefungwa kama siku ile.

Watu walikuja kutazama. Taka zikakoma. Waliofiwa wakaanza kusimama pale, wakiwataja watu wao kwa sauti.

Siku chache baadaye, jua la utosi, shangazi akiwa anarudishia rangi, fundi viatu aliinua kichwa.

"Ni wewe unayegonga?"

"Mwenye nyundo ni wewe."

"Nyundo yangu iko chini, shangazi."

Walitega masikio. Mlio wa kugonga ulitoka ukutani. Ulitoka chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala.

Nilifika pale wakati mmoja na Bosi. Mimi nilikuwa nimempelekea shangazi maji ya kunywa. Yeye alikuwa na ndoo ya chokaa.

"Futa," alisema Bosi. "Unaniharibia biashara."

"Ukuta ni wako. Mlango ni wao."

"Nitakushitaki, mama."

"Nishitaki. Hakimu atakuuliza ulichoziba."

Bosi alichovya brashi, akaupaka mlango chokaa mwenyewe. Ilikauka kabla hajashusha mkono. Ikapasuka. Ikadondoka kama magamba. Akaugusa ukuta, akapiga ukelele. Kiganja kilikuwa kimevimba malengelenge.

Harufu ya nguo inayoungua ilijaa uchochoro. Kugonga kukazidi. Kisha ukaja mnong'ono.

"Mama. Fungua."

Fundi viatu alimshika shangazi mkono. "Twende zetu. Huyo si mwanao tena."

"Basi nani ananiita mama?"

Alilitazama komeo alilochora. Akaliona.

"Nimewafungia mimi," alisema polepole.

Bosi alijitandaza mbele ya ukuta. "Usithubutu!"

"Wewe ulishawafungia mara moja. Pisha."

Hakupisha. Shangazi alimsukuma, akachovya brashi. Alilifunika komeo kwa rangi ya mbao, akalichora upya, limefunguliwa.

Kugonga kukakoma.

Hewa ya moto ilitupita. Bega langu liligongwa. Likagongwa tena. Sikuona mtu. Bosi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, akiikunja miguu yake kama anayepisha watu wengi.

Shangazi alisubiri hadi hewa ilipopoa. Kisha akafunika makopo yake.

"Kesho naandika majina," alimwambia Bosi. "Yote. Lete ndoo nyingine ukitaka."

Bosi alikipulizia kiganja chake.

Nilimsindikiza nyumbani nikiwa nimebeba ngazi. Alifungua chumba chake kwa ufunguo. Nguo alizozianua jana na kuzirundika kitandani zilikuwa zimekunjwa, kila mshono umelazwa sawasawa. Niliweka kiganja juu ya gauni la juu.

Lilikuwa bado moto.

Shangazi hajamiliki pasi tangu kiwanda kiungue.