Kisanamu Shavuni mwa Fidencio

"Fungua mdomo."

Fidencio akatikisa kichwa. Shavu la kushoto lilikuwa limemtuna.

"Fungua, nakwambia! Unadhani sijakuona?"

Hermelinda alikuwa amemvuta hadi jikoni na kufunga mlango. Sebuleni, ndugu na majirani walikuwa wamemaliza mkate mzima wa sikukuu ya Wafalme Watatu, na kila mtu anaapa hajapata kisanamu cha plastiki kilichofichwa ndani yake. Anayekipata ndiye anayeivika nguo sanamu ya Mtoto Yesu ya mwenye nyumba na kuipeleka kanisani mwezi wa pili. Hapa mjini Atlixco watu hugombania heshima hiyo. Huyu mwanamume, anayekula kwa mjane Hermelinda kila Jumapili, alikuwa amekificha shavuni kama mwizi.

Akakitema kiganjani.

"Kumbe unaionea haya nyumba yangu! Una mwanamke gani huko?"

"Sina mtu, Herme."

"Mwaka jana kwa jirani Doña Chole ulikubali mbio mbio. Kwangu unataka kumeza plastiki!"

Simu ya Fidencio ikalia mezani. Hermelinda akaiwahi. Ujumbe ulitoka kwa Tomasa, mdogo wake Hermelinda, ambaye ndiye aliyekata mkate: "Najua unacho. Kitoe basi, watu wanasubiri."

Akamgeuzia Fidencio simu.

"Tomasa amejuaje?"

"Hata mimi najiuliza. Kipande alinichagulia mwenyewe."

"Msinifanye mjinga! Mna nini nyinyi wawili?"

"Hebu fikiri, mwanamke! Nikimsimamia Mtoto wako, tunakuwa makompadre, ndugu wa kiroho. Nani hapa ataniacha nimuoe komadre wangu? Si ni sawa na kuoa dada!"

Hermelinda akaanza kuunganisha mambo. Wiki nzima Tomasa alikuwa akimwimbia, "Huyo hakuoi, dada." Na leo kajipaka rangi ya mdomo kwa ajili ya kukata mkate tu. Hasira yake ikamwacha Fidencio, ikamhamia Tomasa kule sebuleni.

"Kwa hiyo ulitaka kunioa?"

"Ulidhani kila Jumapili nafuata chokoleti?"

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Marehemu mumeo alikuwa rafiki yangu."

Hermelinda akafuta macho. Kisha akachukua kisanamu, akafungua mlango.

"Haya, kompadre wetu nani?" Tomasa akauliza, meno yote nje.

"Msimamizi ni wewe, mdogo wangu." Akambandika kisanamu mkononi. "Fidencio hafai. Mwezi wa tano ananioa."

Tabasamu la Tomasa likakauka. Majirani wakapiga vigelegele, wakageuka kumpongeza bwana harusi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mdomo wazi, ndiyo kwanza naye anasikia tarehe.