Yowe la Ng'ombe Kwenye Kinamasi cha Bugwema

Injini ilikohoa mara mbili juu ya tambarare ya Bugwema, kisha ikanyamaza kabisa.

"Shikeni!" rubani Clementi alipiga kelele.

Nesi Eufrasia alimlalia Wankyo, mjamzito waliyekuwa wakimkimbiza Mwanza kwa upasuaji. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Ndege ile ndogo ilifyeka matete, ikapiga tope, ikalalia bawa moja. Maji ya kinamasi yakaingia ndani hadi magotini.

Clementi alijua kosa kabla damu ya paji la uso haijamfika machoni. Mwaka ule wa themanini na nne mafuta ya ndege yalikuwa ya kubahatisha, na waliyojaza yalitoka kwenye pipa lililonyeshewa masika yote. Kwa kawaida alikuwa akiinama chini ya bawa na kukinga mafuta kidogo kwenye glasi kuona kama yana maji. Asubuhi ile Wankyo alilia mno. Clementi hakuinama. Haraka haraka haina baraka, na yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria wenzake hivyo!

"Mguu wako?" Eufrasia aliuliza.

"Umevunjika. Maji ya kunywa yapo?"

"Chupa moja tu."

"Mpe yeye. Hospitali ya karibu iko Bunda, kule kwenye vilima."

Eufrasia alipanda kichuguu akaita msaada. Watu waliokuwa wakipalilia pamba mbali kule walisimama, wakatazama, wasije. Kinamasi kilikuwa na mamba, na kilichoanguka kutoka angani ni mambo ya serikali. Jua likapanda. Wankyo akaacha kulia, na hilo lilimtisha nesi kuliko kilio chenyewe.

Ndipo Eufrasia akapiga yowe la wizi wa ng'ombe. Mkoa mzima wa Mara hakuna mwanamume anayelisikia akabaki ameketi, na anayelipiga kwa uongo hutengwa na kijiji. Walikuja wakipasua maji, mikuki juu.

"Ng'ombe wako wapi?" aliuliza Makongoro, kiongozi wao, akihema.

"Hakuna ng'ombe, baba. Kuna mama anakufa."

"Yowe hii hatudanganyagi nayo, binti!"

"Najua. Kesho mnitenge. Leo mbebeni."

Makongoro alitema mate. Kisha akaamuru mlango wa ndege ung'olewe. Wakamlaza Wankyo juu yake, wakambeba wakipokezana, maji yakiwafika vifuani, mpaka barabarani, na trekta la pamba likawafikisha Bunda.

Mama alipona. Mtoto alitoka kimya.

Clementi alipoweza kusimama kwa magongo, alikwenda kitandani kwa Wankyo. Mji mzima ulikwisha kuilaumu mvua iliyoingia kwenye pipa la mafuta.

"Ni mvua, rubani?" Wankyo aliuliza.

Kuitikia kungekuwa rahisi.

"Hapana, mama. Mafuta yalikuwa na maji. Sikupima. Ulikuwa unalia."

Wankyo aliweka mikono juu ya tumbo tupu.

"Akilia mwingine," alisema, "mwache alie kwanza. Wewe pima."